Eugène Delacroix na kaye zake za mu mufuko

Watu wengi kwetu wameona kazi ya Eugène Delacroix bila kujua jina lake. Ile picha ya mwanamuke mwenye kuinua bendera ya Ufaransa, bunduki mu mukono mwingine, maiti chini ya miguu yake, iko mu vitabu vingi vya historia. Na wale waliopita Ulaya mbele ya euro kuingia walikuwa wanaibeba mu mufuko kila siku, kwa sababu ilikuwa juu ya noti ya franga 100 ya Ufaransa, pamoja na sura ya Delacroix mwenyewe. Aliichora mu 1830. Lakini leo hatutaikawia. Tunapenda kuzungumuzia kitu kidogo zaidi: kaye zake, zile zenye kuenea mu mufuko wa koti, ambazo alizijaza tangu ujana mpaka uzee. Picha kubwa zilimupa jina. Kaye zilimupa kitu cha kuchora.

Alizaliwa tarehe 26 mwezi wa ine mwaka wa 1798 kule Charenton-Saint-Maurice, karibu na Paris. Baba yake, Charles Delacroix, alikuwa mukubwa wa serikali, waziri wa mambo ya inje, kiisha prefe. Tangu zamani watu wanasemaka kwamba baba wa kweli alikuwa Talleyrand, yule mwanadiplomasia aliyemufuata Charles kwenye kiti cha waziri. Hakuna mwenye kuhakikisha, na sisi tunaiacha hapo. Cha hakika ni kwamba kifo kiliingia ile nyumba mapema. Baba alikufa mu 1805, mutoto akiwa na miaka saba. Mukubwa wake Henri aliuawa mu vita ya Friedland mu 1807. Mama alikufa tarehe 3 mwezi wa kenda 1814, na jamaa iliyokuwa na jina ikabaki na madeni. Eugène alikuwa na miaka kumi na sita. Alikuwa na masomo mazuri, na kaye zake za masomo zilikuwa na michoro pembeni ya maandiko, sawa vile watoto wengi wanafanyaka mpaka leo mwalimu akigeuka upande wa ubao.

Mu 1815 aliingia mu atelier ya muchoraji Guérin. Pale alikutana na Géricault, aliyemupita kwa miaka saba na kwa ukali wa kazi. Wakati Géricault alikuwa anachora ile picha yake kubwa ya watu waliobaki juu ya mbao kiisha mashua Méduse kuvunjika, Delacroix alilala chini kifudifudi kusudi amutumikishe kama mufano wa maiti. Mu 1822 akaonyesha kazi yake ya kwanza mu Salon, ile ya Dante ndani ya mashua mu jehanamu, na serikali ikainunua.

Mwaka uleule wa 1822, tarehe 3 mwezi wa kenda, siku yenyewe mama yake alikuwa ametimiza miaka nane mu kaburi, kijana Delacroix alikuwa kwa kaka yake mu kijiji cha Louroux. Akatwaa kaye ndogo, akaanza kuandika maisha yake ndani. Alitaka mambo mawili: kujiambia ukweli, na kuwa na pahali pa kuweka siku zake kusudi zisimupotee. Alikuwa ameona ginsi watu wanapotea. Siku zinapotea vilevile, lakini pole pole, bila mazishi. Hakuandika kwa ajili ya kuchapisha. Aliandika deni za franga, wasichana aliowatamani, picha alizoshindwa kumaliza, uvivu wake, homa yake. Mu 1824 akaacha. Miaka zaidi ya makumi mawili ikapita mbele ya kuanza tena.

Kama aliacha kuandika, hakuacha kuchora mu kaye. Alikuwa anaenda kila mara ku Jardin des Plantes, bustani ya wanyama ya Paris, pamoja na rafiki yake Barye, fundi wa sanamu. Siku moja simba wa pale alikufa. Delacroix akamutumia Barye habari mbio mbio kusudi wafike mbele ya nyama kuharibika, na wote wawili wakachora ile maiti: kichwa, miguu, ngozi, namna mishipa inashikamana na mifupa. Ukitazama simba wake wa nyuma, wale wenye kurarua farasi na wawindaji, unaona kwamba anajua mahali kila nyama inafungwa. Muzungu wa Paris, asiyeonaka simba mu pori hata mara moja.

Baudelaire, muandika mashairi aliyemupenda sana, alisimulia shauri moja ambalo Delacroix alimupa kijana mwenye kujifunza kazi. Alimwambia kwamba kama hawezi kuchora mutu anayeanguka kutoka etaje ya ine, na kumaliza mbele mutu hajagusa chini, basi hatafanya kitu kikubwa. Ni maneno makali, na pengine ni ya kuchekesha kidogo. Lakini ukijua kaye zake unaona kwamba hakuwa anatania. Mutu wa kuchora mu mufuko hana saa. Yule anayemuchora hakumuomba kusimama, anapita, na baada ya hatua tatu amekwenda. Basi unatwaa mustari wa mugongo, uzito wa mukono, mukunjo mumoja wa nguo. Ingine unaacha.

Sasa tufike mu 1832, mwaka ambao njo ulifanya kaye zake kuwa mashuhuri.

Ufaransa ilikuwa imekamata Algiers mu 1830. Jirani, Sultani wa Maroko, Moulay Abd al-Rahman, hakufurahi, na mufalme Louis-Philippe aliogopa kwamba ataingilia mambo ya Algeria. Akatuma balozi, kijana comte Charles de Mornay, kumutuliza. Mornay alitaka mutu wa kuzungumuza naye njiani, mwenye akili na asiyechosha. Marafiki wakamutajia Delacroix. Hakuenda kama muchoraji wa serikali. Alienda kama mwenzake wa safari. Nguvu ya bunduki njo ilimufungulia njia, na haifai kulificha lile jambo. Watu wa Tangier na wa Meknes walijua sana ni nani alikuwa anakuja na sababu gani.

Waliondoka Toulon tarehe 11 mwezi wa kwanza juu ya mashua ya vita *La Perle*, wakafika Tangier karibu majuma mawili kiisha pale. Delacroix alikuwa na miaka 33 na alikuwa hajaona bado inchi ya jua kali. Alitoka pale mashua kama mutu aliyelewa. Kila kona ya njia ilikuwa picha: ukuta mweupe, mutu mu burnous amesimama kimya sawa Muroma wa zamani, kivuli cha buluu mahali alifikiri kivuli ni cheusi. Mu Paris walimufundisha kwamba ukubwa wa zamani uko mu sanamu za mawe. Pale aliuona unatembea bila viatu, unauza mboga.

Lakini namna gani kuchora? Muchoraji akitandika kitambaa chake kikubwa mu soko, hana dakika tano mbele ya kuzungukwa. Wengi hawakupenda sura yao itwaliwe, kwa ajili ya dini na kwa sababu yule mwenye kuitwaa alikuwa Mufaransa. Kule Meknes, kupanda tu juu ya dari ya nyumba, mahali wanawake walikuwa wanapigia hewa, kungeweza kumuletea mawe, ao hata risasi. Mimi ninawaelewa wale watu. Delacroix vilevile alielewa, hata kama alilalamika mu barua zake. Njo maana kaye kadogo kalikuwa dawa: kanaingia mu mufuko, kanatoka nusu dakika, mistari mitano ya kreyo, kanarudi. Hakuna mutu ameona, ao ameona na amenyamaza.

Hatuwezi kusema ni kreyo tu. Juu ya ile michoro ya haraka aliandika majina ya rangi: hapa njano, hapa buluu, hapa nyekundu iliyochujuka, ukuta mweupe kuliko mbingu. Wakati mwingine hakuna mahali peupe tena juu ya ukurasa, mustari wa farasi unapita kati ya maneno, na maneno yenyewe yanainama kufuata kilima. Jioni, kwenye nyumba ao mu hema, alitoa rangi za maji na kuweka madoa mahali alikuwa ameandika. Kwa hiyo ukurasa mumoja unabeba saa mbili: ile ya jua na ile ya taa. Mu ukurasa ingine hakuna mchoro hata mumoja, ni habari tu ya siku, nani amekuja, nini walikula, muto gani walivuka. Hakutenganisha kaye ya kuandika na kaye ya kuchora.

Safari ya kwenda kwa Sultani ilicheleweshwa na Ramadani. Wakangoja Tangier mwezi muzima. Ile kungoja ilikuwa baraka. Mukalimani wa konsulat ya Ufaransa, Myahudi mumoja jina lake Abraham Benchimol, alimufungulia nyumba za jamaa yake, na pale wanawake walikubali kuchorwa uso wazi. Tarehe 21 mwezi wa pili walimwalika ku ndoa. Alikaa pembeni na kaye yake, akaandika yote: wenye kupiga muziki wameegemea ukuta, wanawake wanacheza mumoja mumoja, watu wanaweka franga, na bibi arusi ambaye amefungwa macho yake ndani ya vitambaa vyake sawa sanamu. Picha kubwa ya ile ndoa aliionyesha mu Salon mu 1841, miaka kenda nyuma. Mwaka uliofuata akachapisha vilevile habari yake mu gazeti moja la Paris. Picha na habari, zote mbili zilitoka mu kaye.

Tarehe 5 mwezi wa tatu walianza njia ya Meknes, na askari wengi wa farasi wakiwasindikiza. Safari ya siku kumi. Kila jimbo lilipowapokea, wapanda farasi walikimbia mbele yao wakipiga bunduki hewani, vumbi na moshi, na mara ingine farasi wawili walianza kuumana na kupigana. Zile farasi zenye kupigana alizichora tena na tena maisha yake yote. Tarehe 22 Sultani aliwapokea mbele ya lango la muji, yeye juu ya farasi wa kijivu, mwavuli mukubwa juu ya kichwa chake, askari wake wamepanga mistari. Kila kitu kilimalizika mu muda mufupi sana. Delacroix hakuwa na nafasi ya kuchora sawasawa. Alitwaa yale aliyoweza, na mengine aliandika kwa maneno.

Ile nusu saa ilimufuata miaka kumi na tatu. Mu 1845 akaionyesha mu Salon, kitambaa cha zaidi ya metre tatu kwa tatu, leo kiko Toulouse. Mwanzoni alifikiri kuweka Mornay na Wafaransa wenzake ndani. Lakini katikati mambo yaliharibika, na mu 1844 jeshi la Ufaransa lilipiga Wamaroko kule Isly. Mu picha ya 1845 Wafaransa wametoka. Amebaki Sultani, farasi wake, watu wake, ukuta wa muji wake. Kwa mawazo yangu, ni picha ya heshima kupita zote alizoleta kutoka safari ile.

Mbele ya kurudi alipita haraka Uhispania, kiisha Oran, kiisha Algiers kwa siku tatu tu mu mwisho wa mwezi wa sita. Inasimuliwa kwamba mutu mumoja wa kazi ya bandari alikubali kumuingiza mu upande wa wanawake wa nyumba yake. Saa chache, michoro michache na rangi za maji, na majina ya wale wanawake yameandikwa pembeni. Kutoka pale kukatoka *Wanawake wa Algiers*, Salon ya 1834, picha ambayo Picasso aliirudilia mara kumi na tano mu 1954 na 1955. Mutu anaweza kuuliza, na ni haki kuuliza, kama wale wanawake walikuwa na nguvu ya kukataa, mu muji ambao askari wa kigeni walikuwa wanatawala tangu miaka miwili. Kaye haijibu. Inaonyesha tu kwamba mbele ya kuwa ndoto ya wanaume wa Paris, walikuwa watu wenye majina.

Tarehe 5 mwezi wa saba mashua ilirudi Toulon. Wakafungiwa mu karantini kwa kuogopa magonjwa. Wengine walilala usingizi. Delacroix alifungua kaye zake na kumuchorea Mornay picha kumi na nane za rangi za maji, zawadi ya kumushukuru.

Hakurudi tena Afrika. Lakini kaye saba zilibaki karibu naye, na alizifungua mpaka mwisho. Makumi kwa makumi ya picha zake zinatoka mule. Mu 1863, mwaka wa kifo chake, miaka 31 kiisha safari, alikuwa bado anachora Waarabu wenye kupigania kodi.

Kuna jambo moja hapa lenye kushangaza, na yeye mwenyewe aliliandika mu 1853. Alisema kwamba picha zake za Afrika zilianza kuwa nzuri siku alipokuwa amesahau vile vitu vidogo vidogo, akakumbuka tu upande wa mashairi wenye kugusa moyo. Kwanza alikuwa anakimbilia ukweli wa kila kifungo na kila kamba. Mutu mwenye kaye saba zenye kujaa anasifu kusahau! Lakini si kinyume. Kile kilichoandikwa hakihitaji tena kubebwa mu kichwa. Kaye inashika kifungo na kamba, kichwa kinabaki huru. Wanafunzi wa akademia, na hata wale wenye kupiga picha elfu kwa telefone siku moja ya arusi, wanaweza kufikiri juu ya hilo. Tena tusimufanye adui wa mashine: mu 1851 alikuwa kati ya waanzilishi wa chama cha kwanza cha wapiga picha mu Ufaransa, na alichora mara nyingi kwa kutazama fotografia.

Mu 1847 alirudilia kuandika maisha yake. Sasa alitumia ajenda za kuchapishwa, zenye tarehe, zile za wafanya biashara. Siku ya kwanza, tarehe 19 mwezi wa kwanza, alikwenda kuona tembo, kifaru na kiboko waliokaushwa mu nyumba ya wanyama ya Paris, akatoka na furaha sawa mutoto. Tangu pale, karibu kila siku mpaka kifo: rangi alizochanganya, Chopin mugonjwa, musitu wa Champrosay, tumbo lake, koo lake, watu wenye kumupotezea saa. Ajenda ya 1848 haiko. Ule mwaka wa mapinduzi, wakati kila mutu angependa kujua alifikiri nini, aliisahau ndani ya gari ya farasi ya kukodi, na haikupatikana tena. Mwaka muzima umebaki juu ya kiti.

Mambo mengine ya maisha yake yanajulikana: dari na kuta za Bunge na za Senati alizochora, kapela ya Saint-Sulpice aliyoimaliza mu 1861 akiwa mugonjwa sana, na akademia iliyomukatalia mara saba mbele ya kumupokea mu 1857. Hakuoa. Mutumishi wake Jenny Le Guillou alimulinda kwa miaka mingi, alifukuza wageni, alimukinga na baridi, na yeye ndiye alikuwa pembeni ya kitanda, pale namba 6 ya rue de Furstenberg, alipokufa tarehe 13 mwezi wa munane 1863.

Kwa wosia wake, vitu vya atelier viliuzwa. Mu mwezi wa pili 1864 watu wa Paris walifika, na wengi walishangaa. Walizoea kusema kwamba Delacroix ni mutu wa rangi na moto, hajui kuchora. Wakaona michoro zaidi ya 6.000. Ilikuwa imekaa mu maboksi maisha yake yote, hakupenda kuionyesha.

Kaye za Maroko ziliuzwa vilevile, na zikatawanyika. Leo ine zinajulikana mahali ziko, zimegawanywa kati ya Louvre na Chantilly, na hazifunguliwi kila siku kwa sababu mwangaza unakula rangi. Nyumba ya rue de Furstenberg imekuwa makumbusho. Ndani unaweza kuona vitu alivyobeba kutoka Maroko. Kuhusu zile kaye tatu zingine, hakuna habari zao.